Nimefika hekalu la Philae, Misri. Kilichomleta Livingstone kwetu Ujiji nimekikuta kimechongwa ukutani kule

Mwanaujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu nimekuwa msomaji kwa miaka mingi, leo naleta cha kwangu. Ni kirefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nimekulia mwendo mfupi tu kutoka pale penye miembe ya Livingstone. Shule ya msingi walikuwa wanatupeleka pale kwa mstari, sare zimepigwa pasi, tunasimama mbele ya ule mnara tunaambiwa: hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, mwaka 1871. Tunaandika kwenye daftari, tunaokota maembe, tunarudi. Hakuna aliyetueleza huyo mzee aliyekutwa alikuwa anatafuta nini huku kwetu. Jibu nimekuja kulipata nikiwa mtu mzima, kwenye kisiwa kimoja kusini mwa Misri.

Nilikuwa nasoma Kairo. Likizo moja ya kipindi cha baridi tukakubaliana watatu, mimi, Mzanzibari mmoja na Mkomoro mmoja, twende Aswan. Treni inatembea usiku kucha, karibu kilomita 900. Wenzangu walilalamika safari ndefu. Mimi nimezoea treni ya Kigoma, Dar hadi nyumbani ni zaidi ya kilomita 1,200, nililala usingizi wangu vizuri.

Aswan ni mji mkavu, jua kali hata huo msimu wao wa baridi, na katikati yake mto Nili umejaa visiwa na majabali ya matale yaliyolainishwa na maji mpaka yanafanana na migongo ya viboko. Kutoka mjini unakwenda kusini hadi mahali panapoitwa Shellal. Pale kuna gati na maboti mengi, na kwa sehemu kubwa manahodha ni Wanubi. Weusi kama sisi, wapole, lakini kwenye bei hawana haraka ya kushuka. Aliyetuchukua alikuwa mzee wa makamo. Alipotusikia tunaongea Kiswahili akauliza ni lugha gani. Tukamwambia. Akauliza: kwenu kuna mto? Nikamjibu kwetu kuna ziwa, na ng'ambo yake ni Kongo. Akatikisa kichwa, akawasha mashine.

Boti inazunguka jabali moja, halafu hekalu linatokea lote kwa mara moja, nguzo zimejipanga hadi ukingoni mwa maji. Mtu wa ziwani anajua: kuna mahali pamejengwa ili paonekane kutoka majini. Ukipaendea kwa barabara umepaona nusu. Hekalu hili waumini wake walikuwa wanalijia kwa mtumbwi, na hadi leo hakuna njia nyingine ya kulifikia.

Philae lilikuwa hekalu la Isis. Wamisri wa kale walimwita mama wa Horus na mke wa Osiris, yule aliyeuawa na ndugu yake, mwili ukakatwa vipande, mke akaenda kuviokota kimoja kimoja. Kibanda cha zamani zaidi kinachoonekana pale ni cha mfalme Nectanebo I, karne ya 4 KK. Hekalu kubwa lenyewe lilianza kujengwa na Ptolemy II karne iliyofuata, na wafalme waliokuja baadaye, hadi makaisari wa Roma, kila mmoja akaongeza chake. Lango la kwanza lina minara miwili yenye urefu wa kama mita 18, na juu yake mfalme amechongwa amewashika maadui nywele kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeinua rungu. Watalii wengi hupigia picha hapo. Mimi pia nilipiga.

Lakini nendeni upande wa magharibi, kwenye lango dogo linaloitwa Lango la Hadrian. Ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Ukutani kuna mchoro ambao ukipita haraka unaukosa. Wamechonga rundo la mawe, jiwe juu ya jiwe. Juu kabisa wamekaa ndege wawili, tumbusi na kipanga. Chini ya mawe kuna pango, na ndani ya pango amepiga magoti mtu mwenye tumbo na matiti yaliyolegea, kichwani ameota mashada ya mafunjo, mafunjo haya haya ya kwetu Malagarasi. Huyo ni Hapi, mungu wao wa mafuriko ya Nili. Nyoka amemzungukia pande zote, kichwa karibu kikutane na mkia, ndiye mlinzi wa pango. Na mikononi ameshika vyombo viwili, anamimina maji.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lao kwa swali la Nili inatoka wapi. Inatoka hapa, chini ya haya majabali ya Aswan. Ng'ambo tu ya Philae kuna kisiwa cha Bigeh, na waliamini mguu wa Osiris umezikwa huko, na mafuriko yanatoka chini yake. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga. Kila baada ya siku kumi sanamu ya Isis ilipandishwa chomboni ikavushwa kwenda kwa mumewe, makuhani wakamimina maziwa.

Sasa tulieni hapa. Karne ya 5 KK Mgiriki Herodotus alikwenda Misri akauliza chanzo cha Nili. Karani mmoja wa hekalu akamwambia kwamba kuna milima miwili, Krofi na Mofi, karibu na Aswan, na katikati yake kuna chemchemi zisizo na mwisho wa kina. Nusu ya maji inakwenda kaskazini, nusu kusini. Herodotus mwenyewe alikuwa na shaka na karani huyo, lakini akaiandika. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, Livingstone aliibeba habari ile ya chemchemi moyoni, akiamini zipo kweli ila ziko mbali zaidi kusini. Ndizo alizokuwa anazitafuta alipofika Ujiji amechoka, anaumwa, mali yake aliyotumiwa imeshauzwa. Baada ya Stanley kumkuta, wawili hao walipanda mtumbwi pale pale Ujiji wakaenda hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa kutazama mto Rusizi, je unatoka ziwani kuelekea Nili? Wakakuta unaingia. Ziwa letu si chanzo cha Nili.

Mzee yule hakukata tamaa. Aliagana na Stanley Tabora Machi 1872, akasubiri wapagazi pale Kwihara hadi Agosti, akaondoka tena kusini kuzifuata chemchemi zake. Alifia njiani tarehe 1 Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Nilisimama mbele ya Hapi na vyombo vyake nikakumbuka daftari langu la darasa la tano. Imani iliyochongwa kwenye mchoro ule wa pango ndiyo mzizi wa habari iliyomtembeza mtu mpaka akafika mtaani kwetu. Nilikaa chini. Wenzangu walidhani nimeshikwa na jua.

Na jambo moja watu wa Kigoma tunastahili kulijua zaidi ya yeyote: chemchemi ya Nili iliyo mbali kabisa kusini iko Rutovu, Burundi, kwenye milima isiyo mbali na mpaka wetu wa Manyovu. Kwenye milima ile, mvua inayonyesha upande mmoja inashuka Tanganyika, inatokea Lukuga, inaingia Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Inayonyesha upande wa pili inakwenda Ruvubu, Kagera, Viktoria, na mwisho inapita chini ya ukuta wa hekalu niliokuwa nimeuegemea. Wale makuhani walikosea kwa maelfu ya kilomita. Livingstone alikosea kwa kukosa bahati, akaangalia ziwa hili badala ya milima iliyo nyuma yake.

Karibuni kwa maswali. Habari ya jinsi hekalu lilivyohamishwa nitaileta nikipumzisha mkono.

Kijana wa Kasulu

Kaka, nimesoma wote bila kuruka. Mimi mama yangu ni wa Manyovu na mvua za milima ile nazijua, lakini sikuwahi kuwaza zinagawana njia. Kesho nampigia simu babu.

Swali: nimewahi kusikia kwamba maandishi ya mwisho kabisa ya wale Wamisri, yale ya picha za ndege na macho, yako kwenye hekalu hilo hilo. Ni kweli?

Mwanaujiji

Ni kweli kabisa, na yako kwenye lango lile lile la Hadrian. Tarehe yake inajulikana: 24 Agosti mwaka 394 BK. Aliyeyachonga ni kuhani aitwaye Nesmeterakhem, pembeni ya sura ya Mandulis, mungu wa Wanubi. Baada ya hapo hakuna hieroglifi nyingine yenye tarehe iliyopatikana popote duniani. Maandishi yao mengine, yale ya mkono wa haraka yanayoitwa demotiki, yaliendelea kidogo, nayo mfano wa mwisho uko Philae, wa mwaka 452. Miaka zaidi ya elfu tatu ya uandishi, halafu watu wa mwisho wanaojua kuusoma wanabaki familia chache kwenye kisiwa kimoja.

Kwa nini kule? Sababu ni majirani. Dola ya Roma ilishakuwa ya Kikristo na mahekalu mengine yakafungwa. Philae ilikuwa mpakani, na makabila ya kusini, Wablemi na Wanobadi, walikuwa na nguvu na walimpenda Isis. Katika mkataba wa amani wa karne ya 5 wakahakikishiwa haki ya kuja hekaluni, na hata kuiazima sanamu yake, wakae nayo kwao, wairudishe. Kwa hiyo watu weusi wa kusini ndio walioufanya ule mlango ubaki wazi. Hekalu lilifungwa miaka ya 530, zama za kaisari Justinian, na ukumbi wa nguzo ukageuzwa kanisa la Mtakatifu Stefano. Misalaba bado ipo, imechongwa vizuri, kina cha kidole, kwenye nguzo zile zile. Na sura nyingi za miungu zimegongwagongwa kwa patasi. Ukipitisha macho karibu unaona alama za kila pigo, ndogo ndogo, kama mtu alipewa kazi ya siku nzima na akaifanya kwa mpangilio.

Abuu Salma

Assalaam alaykum ndugu yangu. Sina nia mbaya, nauliza kwa kutaka kujua. Wewe ni mtoto wa Ujiji, umekwenda kusoma dini. Moyo wako ulikuwaje kuingia hekalu la masanamu na kukaa chini mbele yake?

Mwanaujiji

Wa alaykum salaam shehe wangu. Swali zuri na nililitegemea.

Mzanzibari mwenzetu naye alisita kwenye gati. Tulizungumza tukaafikiana hivi: tunaingia kutazama, hatuingii kuabudu, na dini yenyewe inatuhimiza tutembee ardhini tutazame mwisho wa waliotangulia. Mimi sikuona chochote pale cha kuniyumbisha. Niliona watu waliokuwa wanaishi kwa mafuriko ya mto, yakichelewa wanakufa njaa, wakajenga juu ya hofu na shukrani yao. Hofu ya maji na shukrani ya maji naijua, baba yangu alikuwa mvuvi.

Tena Misri yenyewe ina mengi ya namna hii. Luxor kuna msikiti wa Abu al-Hajjaj umejengwa ndani ya hekalu la kale, na watu wanaswali humo mpaka leo. Siku tuliyofika tuliswali alasiri mle, dirishani unaona vichwa vya nguzo za mafarao.

Adhuhuri ya Philae tuliswalia kwenye boti, nahodha ndiye alituonyesha kibla.

Abuu Salma

Allah akulipe kheri kwa jibu la upole. Endelea na habari ya kuhamishwa.

Fundi Boti

Na mimi nangojea hapo hapo. Mleta uzi umeandika "lilivyohamishwa" kama kitu cha kawaida. Hekalu la mawe limehamishwaje kutoka kisiwa kwenda kisiwa? Mimi kuvuta boti moja la mbao kulipandisha nchi kavu nahitaji watu ishirini. Hebu eleza kama unamweleza fundi.

Mwanaujiji

Fundi, kaa nikueleze.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza, waliokuwa wanaitawala Misri, walijenga bwawa la kwanza la Aswan, likakamilika 1902. Kisha likaongezwa kimo mara mbili. Philae ilikuwa nyuma ya ukuta wa bwawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka kisiwa kikawa kinazama. Watalii walikuwa wanapiga makasia katikati ya nguzo kama wanavyopita baina ya miti ya mikoko. Wanasema hekalu lilikuwa na rangi, bluu na kijani kwenye vichwa vya nguzo kama majani mabichi. Maji yameilamba yote. Ukutani umebaki mstari wa weusi unaoonyesha maji yalikuwa yanafika wapi, na mimi uko juu ya kichwa changu kwa mbali.

Halafu likaja Bwawa Kuu, 1960 hadi 1970. Kisiwa kikabaki katikati ya mabwawa mawili, na sasa maji yanapanda na kushuka kila siku. Wewe unajua kinachoua mbao ni lile eneo la kulowa na kukauka. Jiwe la mchanga ni vivyo hivyo.

UNESCO ilikuwa imeita dunia nzima isaidie makaburi na mahekalu ya Nubia tangu 1960. Kwa Philae walifanya hivi: walipigilia mabamba ya chuma ndani ya maji kuzunguka kisiwa chote, safu mbili, katikati wakajaza mchanga. Hapo umepata ukuta. Kisha pampu zikatoa maji yaliyobaki ndani. Kisiwa kikatokea kimejaa tope, wakalisafisha. Wakapima kila ukuta, wakaliandika namba kila jiwe, wakaanza kubomoa kutoka juu, 1977. Ni karibu vipande 40,000, vingine vya tani kadhaa. Wakati huo jirani kuna kisiwa kingine, Agilkia, kilichoinuka zaidi, mita mia chache tu kutoka pale. Walikilipua baruti kileleni, wakakisawazisha na kukipa umbo la Philae ya kwanza. Mawe yakapangwa upya kwa namba zake. Machi 1980 kikafunguliwa. Kwa hiyo tunaposema "nimefika Philae", kwa haki tumefika Agilkia. Kisiwa chenyewe kiko chini ya maji, nahodha alituonyesha kwa kidole vyuma vya ule ukuta vilivyobaki vimechomoza.

Na hapo ndipo mzee yule alisema neno nililorudi nalo nyumbani. Nilimwambia kazi ile ni ya ajabu. Akazima mashine, boti ikawa inaelea. Akasema: "Kila jiwe walilipa namba. Nyumba ya babu yangu haikupewa namba." Wanubi zaidi ya 50,000 upande wa Misri walihamishwa kupisha bwawa, 1963 na 1964, wakapelekwa jangwani karibu na Kom Ombo, mbali na mto. Vijiji vyao vyote viko chini ya ziwa lililofanywa na bwawa hilo. Nauli tuliyokuwa tumemkazia gatini tulimwongezea, wala hatukushauriana.

Fundi Boti

Umenielewesha kabisa. Mabamba safu mbili na mchanga katikati, hiyo nimeipata, hata sisi kwa udogo wake tunaweza kujaribu.

Maneno ya huyo nahodha yamenikalia vibaya. Mimi karakana yangu ilikuwa ufukweni Kibirizi. Ziwa lilipopanda miaka ile maji yalikuja taratibu, siku ya kwanza yamegusa magogo ya kuegeshea boti, baada ya wiki yako ndani. Nilihamisha mbao, misumari, turubai. Mti wa mwembe mchanga alioupanda marehemu mke wangu mbele ya karakana sikuweza kuuhamisha. Ulikaa majini majani yakiwa mabichi kwa muda, nikawa na matumaini, halafu ukakauka kuanzia juu.

Mwanaujiji

Pole sana fundi wangu. Mungu amrehemu mama.

Ziwa letu lina tabia hiyo, na miaka ya Livingstone lilikuwa juu zaidi ya sasa. Mto Lukuga, ndio mlango pekee wa maji kutoka, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Mnamo 1878 kizuizi kikakatika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita kumi. Ndiyo maana leo mgeni akifika kwenye mnara wa Ujiji anauliza: mbona ziwa liko kule mbali, si walisema Livingstone alikaa karibu na maji? Alikaa karibu na maji. Ziwa ndilo lililoondoka.

Mzee wa Gungu

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu na sasa anaandika ninayosema.

Ni kweli kuhusu ziwa kurudi nyuma. Marehemu baba yangu alipokea kwa wazee wake kwamba zamani mitumbwi ya Wajiji na majahazi ya Waarabu yalifungwa kwenye sehemu ambazo leo ni mashamba ya muhogo. Na miembe mnayoiona pale ni watoto wa ule mwembe wa kwanza, wenyewe ulishakufa kabla mimi sijazaliwa.

Lakini naomba msisahau. Pale hapakuwa na mzungu na mzungu tu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya watumwa na pembe. Watu walivushwa kutoka Manyema wakiwa na minyororo, wakashushwa pale pale, wakaendelea kwa miguu hadi Bagamoyo. Wengi wetu ni wajukuu zao. Mwanangu mleta uzi, ukiwapeleka watoto waambie na hilo.

Mwanaujiji

Shikamoo mzee. Nimepokea. Nafundisha sasa, na mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu pale. Nilianzia na njia ya watumwa, nikaonyesha kwa mkono inakokwenda, ndipo nikafika kwa Livingstone. Ushauri wako nimeufurahia kuliko yote.

Bint Unyanyembe

Naandika nikiwa Tabora. Kwanza hongera kaka kwa uzi, umeandikwa kwa moyo.

Mmetaja Kwihara mkapita haraka, na mimi ni jirani wa pale. Lile tembe alilokaa Livingstone ni nyumba ya udongo, kuta nene, baridi ndani hata saa nane ya mchana, mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Nyinyi mnazungumzia mawe yaliyodumu miaka elfu mbili. Kwetu Unyamwezi watemi walijenga kwa udongo na miti. Ikulu ya mtemi Isike, aliyekataa kusalimu amri kwa Wajerumani, Januari 1893 walipoivunja akajilipua kwa baruti ndani yake, leo mtu asiyeonyeshwa anapita asijue. Jiwe la mchanga linalala majini miaka sabini linaoshwa na kupangwa upya. Udongo ukiachwa masika tatu bila kuezekwa umerudi kuwa shamba. Kwa hiyo naona sisi hatuna muda ambao Misri walikuwa nao.

Mwanaujiji

Dada, hili nililipita na wewe umelifikisha panapostahili. Philae iliokolewa kwa sababu ilikuwa inazama mbele ya macho ya watu, picha zikasambaa dunia nzima. Ukuta wa udongo unaondoka kimya kimya, kila mvua inachukua kiganja kimoja pale chini, kwenye kisigino cha ukuta. Dawa yake nayo haihitaji UNESCO: paa zima, mfereji wa kutoa maji, na mtu wa kupaka udongo kila mwaka kabla ya Novemba. Mafundi wa kazi hiyo Tabora bado wapo, wazee. Wakiondoka wao ndipo tutahitaji wataalamu kutoka mbali.

Nikuombe kitu. Ukipata nafasi ya kwenda Kwihara, tazama kisigino cha ukuta upande unaopigwa na mvua, utuambie kikoje.

Bint Unyanyembe

Jumamosi naenda, nina mpwa wangu wa miaka tisa amekuja likizo.

Kijana wa Kasulu

Nimempigia babu wa Manyovu. Anasema milima ile wao wanaijua kwa jina la kila mto unaotoka pale, na mto unaokwenda upande wa Burundi walikuwa wanajua "hauji ziwani". Hakuwahi kuambiwa unafika Misri. Amenyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama hao watu wa huko wanajua maji yao yanatoka wapi. Nimemwambia kuhusu mtu wa pangoni mwenye vyombo viwili. Amecheka kwa furaha, akasema huyo anafanana na mganga wao wa mvua.

Bint Unyanyembe

Nimerudi kutoka Kwihara, niliahidi.

Kisigino cha ukuta upande wa mvua kimepakwa, unaona udongo mpya ni mwekundu zaidi ya ule wa juu, na bado kuna alama za vidole vya aliyepaka. Nimeweka kiganja changu juu yake, vidole vyake ni vipana kuliko vyangu.

Mpwa wangu alizunguka vyumba vyote. Nilimweleza kwamba babu mmoja alikaa humu miezi mitano akisubiri wapagazi aende kutafuta mto mkubwa unapoanzia. Akanisikiliza, akatazama uani, akauliza: "Sasa wakati anasubiri, maji ya kunywa alikuwa anachota wapi?" Sikuwa na jibu. Mwenyeji wetu akatutoa nje, akatuonyesha kwa mkono upande wa bondeni, tukateremka naye kwenda kuona.